Keki ya Maelezo Namba Thelathini na Nne

Ripoti ya mwaka ya kampuni yetu ni kitabu kinene, na nusu yake nimeiandika mimi. Si ile nusu ya mbele yenye picha ya Torkild, mkurugenzi wetu, amesimama kando ya pampu huku amekunja mikono ya shati kana kwamba ndiye aliyekaza skrubu. Yangu ni ile ya nyuma, yenye herufi ndogo, inayoitwa maelezo ya hesabu. Haina picha wala jina la mwandishi. Humo ndimo tunamosema pesa zilizotajwa kule mbele zimepatikanaje, mali gani tumeikadiria na tumekadiriaje, nani anatudai na nani huenda akatudai. Mtu akitaka kutujua na asome huko, maana picha ya Torkild haitamwambia kitu.

Nasema mapema ili ujue unashughulika na nani. Mimi Gunhild Lorenzen naipenda kazi yangu, na anayeidharau nina neno naye.

Hvidmose Pumper tunatengeneza pampu za mashine za kukamulia ng'ombe, hapa kusini mwa Jutland, si mbali na Aabenraa. Tumo katika soko la hisa, lakini wenye hisa wengi ni wakulima na wastaafu wa hapa hapa, walionunua siku baba yake Torkild alipoanza kuuza. Ofisini tuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na inaheshimiwa kuliko zote zilizoandikwa: anayeboronga analeta keki. Ukimlipa mtu mara mbili, keki. Ukimtumia mteja barua ya kumsengenya mteja huyo huyo, keki mbili. Na usilete ya dukani, kwa sababu kwetu keki ya dukani ni kosa jingine.

Kutokana na sheria hiyo nilibuni mtego. Kila mwaka, rasimu ya ripoti ikiwa tayari, napachika sentensi moja ya kipuuzi katikati ya maelezo yangu, kisha nawapelekea wale ambao kazi yao ni kusoma kabla ya kutia sahihi: Torkild, wajumbe wa bodi, na Preben, mkaguzi wetu wa hesabu anayetoka Kolding. Anayeiona sentensi ananipigia simu. Asiyeiona analeta keki. Halafu naifuta, na ripoti inakwenda kwa watu ikiwa safi. Torkild hajawahi kuiona hata mara moja, na mke wake amekuwa mwokaji hodari kwa sababu hiyo. Preben huiona kila mwaka, na kila mwaka hunipigia simu kuwika kama jogoo.

Mwaka huu niliitega katika maelezo namba thelathini na moja, yale ya madeni ambayo huenda yakaja na huenda yasije. Baada ya aya ya dhamana za benki niliandika hivi: “Aidha, kampuni inawajibika kumpa keki kila mwenye hisa aliyesoma maelezo haya hadi hapa.” Preben hakupiga simu. Siku ya mwisho nikafungua namba thelathini na moja, nikakuta hakuna keki. Nikajua Preben ameifuta mwenyewe, na kwa wingi wa shughuli amekosa hata nafasi ya kujisifu. Nikaipeleka ripoti kiwanda cha uchapaji, nikaenda nyumbani nikalala usingizi wa mtu mwema.

Wiki iliyofuata nilikuwa ofisini na Malene, mtafiti wa mambo ya uhasibu kutoka chuo kikuu cha Odense. Alikuwa ameomba kukaa nasi mpaka mkutano mkuu wa wenye hisa, akitafuta jibu la swali moja: ripoti za makampuni zinazidi kunenepa kila mwaka, sheria juu ya sheria, mara hesabu, mara moshi, mara maji taka, je, nani anazisoma? Malene ni mama wa mvi na goti bovu, na hana kona katika maneno yake.

“Gunhild, nikuulize na usinune,” akasema. “Haya maelezo unamwandikia nani?”

“Wenye hisa.”

“Hawasomi, mwenzangu.”

“Umewauliza?”

“Nimewauliza. Wote wanasema wanasoma. Ukiwauliza wamesoma nini, wanakutajia shati la Torkild.”

Nilicheka huku nimekasirika, jambo ambalo nalimudu vizuri. “Wewe ngoja,” nikasema, nikivuta kitabu kilichotoka uchapaji jana yake. “Nikuonyeshe sentensi moja ya dhamana niliyohangaika nayo siku nzima ili bibi wa Løgumkloster aielewe bila kumwita wakili.” Nikaitafuta aya ya dhamana. Haikuwa namba thelathini na moja tena. Mwaka huu, nilipokwisha kutega na kabla rasimu haijatumwa, tuliongeza maelezo mapya matatu kuhusu mabadiliko ya tabianchi, yakaisukuma mbele mpaka namba thelathini na nne. Na chini yake, kwa wino mzuri mweusi, kwenye karatasi ya bei, ilikuwepo keki.

Nikaufunika ukurasa kwa kiganja.

“Mbona umefunika?” Malene akauliza.

“Kuna doa la kahawa.”

“Kitabu cha jana?”

“Nakunywa kahawa nyingi,” nikasema, nikakifunga, nikatoka nacho hadi chooni kumpigia Preben.

“Preben, rasimu yangu uliisoma?”

“Nimetia sahihi, Gunhild.”

“Sikukuuliza habari ya sahihi.”

“Mwaka huu hukutega,” akasema. “Nilitafuta sana. Namba thelathini na moja nimeisoma mara mbili, maana ndiko unakopenda kutega.”

“Na nyingine?”

“Nyingine nimezisoma pia. Ila hiyo niliisoma kwa makini.”

“Hebu fungua thelathini na nne, bwana mkubwa.”

Nikasikia karatasi zikipekuliwa kule Kolding. Kisha nikasikia pumzi ndefu ya mtu anayekaa chini taratibu.

“Wenye hisa ni wangapi?” akauliza kwa sauti ndogo.

“Elfu sita na ushee.”

“Jamani. Keki elfu sita.”

“Kama wote watasoma.”

Preben ni mkaguzi hata akiwa anazama. Akaanza kupanga mambo. “Tulia. Kwanza, jambo hili ni zito kiasi cha kumfanya mtu abadili mawazo ya kununua hisa au kuuza?”

“Inategemea keki.”

“Gunhild.”

“Si zito.”

“Basi hakuna sheria inayotulazimisha kuchapa upya. Pili, je, ni deni au si deni?”

“Tumeahidi hadharani, kwa maandishi, na sahihi yako iko chini. Ahadi ni deni, Preben. Hilo hata bibi yangu alilijua, na yeye hakusomea uhasibu.”

“Ni deni la kuwekewa fungu la pesa pale tu inapoelekea kwamba mtu atalidai,” akasema Preben. “Sasa niambie kweli. Yuko mtu atakayesoma mpaka hapo?”

Hapo ndipo nilipokwama. Nikakata simu.

Nilirudi mezani nikamkuta Torkild amekaa kwenye kiti changu, amechangamka kuliko inavyopaswa mtu kuchangamka Jumatatu. “Gunhild, nina habari njema,” akasema. “Nimeongea na Malene kuhusu takwimu zake. Hakuna anayesoma maelezo. Hakuna! Kwa hiyo mwakani tutaipa kazi hiyo programu ya kompyuta. Inaandika yote kwa asubuhi moja. Wewe utapumzika.”

“Nipumzike nikifanya nini?”

“Utaisimamia.”

“Kama unavyoisimamia hiyo pampu kwenye picha?”

Akacheka. Ubaya wa Torkild ni kwamba hakasiriki, kwa hiyo huwezi kumshinda. “Mashine itaandika na mashine itasoma,” akasema. “Wataelewana wao kwa wao. Bodi itaamua baada ya mkutano mkuu. Malene ataeleza utafiti wake pale pale mbele ya watu, ili kila mtu ajionee.”

Basi nikabaki katikati. Asiposoma mtu, boko langu litazikwa kimya kimya, na kazi yangu itazikwa nalo. Akisoma mtu, hata mmoja, kazi yangu itakuwa na maana, nami nitachekwa kutoka hapa hadi Copenhagen, pamoja na Preben, aliyebakiza miaka miwili tu astaafu kwa heshima. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema. Hawakusema afanyeje akishaingia, akawa hajui kama anataka kutolewa.

Siku zile simu ikilia moyo unaruka, isipolia nasononeka. Na ilikuwa inalia. Lakini walikuwa watu wa mkutano tu, wanauliza mambo ya chakula, kama kila mwaka.

“Ni nyama ya nguruwe ya kuoka au vile vidonge vya nyama?” akauliza mzee mmoja wa Rødekro.

“Ya kuoka.”

“Vizuri, vizuri. Na baada ya nyama kuna kahawa?”

“Kahawa ipo.”

“Kahawa kavu?”

“Na maziwa.”

“Aha,” akasema, akakaa kidogo kama anayetaka kuongeza neno. “Haya basi. Tutaonana.”

Mama mwingine wa Bov aliuliza kama ukumbini kuna sahani ndogo, au zile kubwa tu. Mwingine aliuliza kama magari yanaweza kuegeshwa kivulini, kwa kuwa siku hizi jua la Aprili ni kali. Nikamwambia mama, ni Aprili, tuna bahati tukiliona hilo jua. Akasema ndiyo, ni kweli, samahani kwa kusumbua. Watu wa kwetu ndivyo walivyo. Mtu akiona nyumba ya jirani inawaka, huanza kwa kusifu hali ya hewa.

“Wanapiga simu wengi,” Malene akasema siku moja.

“Wa chakula.”

“Hakuna aliyeuliza la hesabu?”

“Hakuna,” nikasema, na nikashangaa jinsi neno hilo lilivyoniuma.

Mkutano huwa tunaufanya katika ukumbi wa michezo wa mji, chini ya nyavu za mpira wa kikapu. Zilipangwa meza ndefu, na harufu ya nyama ikachanganyika na ya raba za watoto wa shule. Ukumbi ulijaa. Walikuja watu zaidi ya mia saba, wamevaa makoti yao ya kanisani, wakala, wakanywa bia, wakaulizana habari za magoti. Mimi nilikaa meza ya mbele pamoja na bodi. Preben alikuwa kando yangu, amekata nyama yake vipande vidogo vidogo na hakula hata kimoja.

Torkild akasoma hotuba. Mauzo yamepanda, gawio limepanda kidogo, watu wakapiga makofi kidogo. Mwenyekiti wa mkutano, wakili mwenye sauti ya usingizi, akauliza kama kuna mwenye swali juu ya hesabu. Nikaitazama sahani yangu. Preben akafumba macho. Hakuna mkono ulioinuka. “Hesabu zimepitishwa,” akasema wakili, na Preben akaanza kula.

Kisha akapanda Malene na picha zake ukutani. Alisema vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisema ripoti yetu imefunguliwa mtandaoni mara nyingi sana, ila wengi wa wafunguaji ni mashine za London na Frankfurt, ambazo husoma kitabu kizima kabla binadamu hajavaa miwani. Wanadamu huenda kwenye gawio, halafu kwenye picha ya mkurugenzi. Hapo watu wakacheka na Torkild akainama kwa adabu. “Sijampata hata mtu mmoja,” Malene akamaliza, “ambaye naweza kuthibitisha kwamba alifika kwenye maelezo ya mwisho. Na siwalaumu. Nimeyasoma mimi, na mimi nalipwa.”

Wakacheka tena. Nami nilipaswa kufurahi, maana nilikuwa nimeokoka. Hakuna atakayejua. Lakini macho yalikuwa yananiwasha, na nilijiona mjinga kabisa, mwanamke mzima kutaka kulia mbele ya nyama ya kuoka kwa sababu hakuna aliyemshika kosa lake.

“Sasa tuna Mengineyo,” akasema wakili. Hiyo ndiyo ajenda ya mwisho kwetu, mahali ambapo unaruhusiwa kusema lolote na hakuna linaloweza kuamuliwa, kwa hiyo kwa kawaida hakuna anayesema. Watu walikuwa wameshaanza kutafuta makoti.

Nyuma kabisa, karibu na goli, akainuka Bi Botilla Matzen. Ana miaka themanini na kitu, alifuga ng'ombe maisha yake yote, na sasa anatembelea fimbo ambayo huitumia zaidi kuwanyooshea watu.

“Mimi nina kaswali kadogo,” akasema. “Kama hapa si mahali pake, nitakaa.”

“Uliza tu, Botilla,” Torkild akasema.

“Maelezo namba thelathini na nne. Ile keki. Ni laini au ngumu?”

Preben aliweka uma chini. Torkild alimtazama Botilla, akanitazama mimi, akaitazama bodi, ambayo nayo ilikuwa inamtazama yeye.

“Keki gani?” akauliza.

“Umetia sahihi, mwanangu,” Bi Botilla akasema. “Ipo baada ya dhamana.”

Nilingoja ukumbi uangue kicheko. Haukuangua. Ulipita mnong'ono tu, mnong'ono wa watu walioshusha mzigo. Kisha yule mzee wa Rødekro, sauti yake naijua, akasema bila kusimama, “Mimi pia niliiona. Nilidhani si adabu kuuliza.”

“Hata mimi,” akasema mtu wa meza ya katikati. “Nilimwambia mke wangu, labda ni ya watu wengine.”

“Sisi tulisoma mimi na dada,” akasema mama wa Bov. “Tukasema, masikini, huyo aliyeandika ataoka ngapi peke yake?”

Nikasimama. Sijui nani aliniambia nisimame, miguu iliamua yenyewe. Nikachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa wakili. “Niliyeandika ni mimi,” nikasema. “Ilikuwa mzaha wa ofisini, mtego wa kuwanasa wasiosoma. Nilipaswa kuufuta. Nikauangalia kwenye namba ya zamani na maelezo yalikuwa yamehama. Kosa ni langu, si la mkaguzi.”

“Na langu,” Preben akasema, mdomo umejaa.

“Kwetu anayeboronga analeta keki,” nikaendelea. “Na mimi leo hapa sina hata kipande. Nilidhani hamsomi. Samahani. Niliogopa mmesoma, na nilitamani mno muwe mmesoma, na sasa sijui niseme nini.”

“Hutakiwi kusema kitu,” Bi Botilla akasema. “Keki ya mkate mweusi iko kwenye gari langu. Nani ana miguu mizuri akanichukulie?”

Hapo ndipo viti viliposukumwa. Watu walitoka kwa utaratibu, bila haraka, kama wanaokwenda kutazama taa za gari kama zimezimwa. Wakarudi na makopo ya bati, na masanduku, na vikapu vilivyofunikwa taulo za jikoni. Kwetu meza ya kahawa ikiwa ya heshima ina keki saba laini na saba ngumu, na aliyealikwa haji mikono mitupu. Waliposoma kwamba kampuni inaahidi keki, walielewa kama watu wa kwetu wanavyoelewa: kuna meza ya kahawa, na kila mmoja ajitahidi. Walipofika wakakuta hakuna aliyetaja neno, kila mmoja akadhani labda amekosea yeye, akaiacha keki kwenye buti la gari. Nikaikumbuka simu ya kivuli na jua la Aprili. Yule mama alikuwa na keki ya malai.

Zilikuja za krimu na za tufaha, za lozi, zilizokunjwa na zilizopangwa tabaka, na biskuti za kila namna ambazo ukiziangusha zinavunja sakafu. Meza ya bodi ikajaa, ikafuata ya kuhesabia kura. Malene alisimama na kalamu akihesabu makopo, macho yamemtoka.

“Waliofika thelathini na nne ni wangapi?” nikamuuliza.

“Usinisemeshe, nimepoteza hesabu,” akasema. Mama wa Bov akamwekea sahani mkononi, sahani ndogo. Malene akatazama kalamu, akatazama keki, akaweka kalamu mfukoni. “Hawa hawasomi mtandaoni,” akasema, akitafuna. “Wote wanacho kitabu cha karatasi. Mimi nimewapima watu kwa mashine, Gunhild, na watu wenyewe wako jikoni na miwani.”

“Kwa hiyo utaandika nini?”

“Nitaandika kwamba nilikosea. Halafu nitaomba pesa za utafiti mwingine. Ndiyo kazi yangu.”

Preben alipita na sahani iliyopandiana. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. “Ilielekea kudaiwa,” akaniambia kwa uzito. “Tungeliweka fungu.”

Nilimkuta Bi Botilla amekaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, fimbo katikati ya magoti. Akanipapasia nafasi kando yake.

“Kumbe ni wewe,” akasema. “Miaka yote hii nilikuwa najiuliza ni nani. Hawaweki jina.”

“Ulijuaje kwamba ni mtu mmoja? Ingeweza kuwa ofisi nzima.”

“Ofisi nzima haiwezi kusema haijui. Wewe ukiwa hujui unasema hujui. Unasema, tumekadiria hivi, na tunaweza kuwa tumekosea, na tukikosea itakuwa kwa sababu hii. Hans, marehemu mume wangu, alikuwa hivyo hivyo akinieleza ng'ombe mgonjwa. Aliponiacha, aliniachia hisa. Nikaanza kusoma nijue ameniachia nini. Sasa nasoma maelezo moja kila jioni, na kahawa. Yakiisha nasikia upweke kidogo, nikuambie ukweli.”

Nililia, na sikuona haya. Akanipa kitambaa chenye makombo ya biskuti.

Torkild alikuja akiwa na krimu kwenye tai. Alikuwa amesimama nyuma yetu kwa muda, nadhani amesikia. “Botilla,” akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu barafu kwa mguu mmoja, “na kama mwakani maelezo haya yangeandikwa na mashine? Yangekuwa na maneno hayo hayo.”

“Sawa,” Bi Botilla akasema. “Basi na keki zije ziliwe na mashine.”

Watu wa benchi zima wakacheka, na Torkild naye akacheka, lakini alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa bodi, na niliwaona wakiongea huku kila mmoja ameshika kipande cha keki ya mkate mweusi. Bodi haikuhitaji kikao kirefu. Programu ilinunuliwa hata hivyo, ijumlishe namba na isahihishe koma, na kwa hilo inafaa. Maneno yalibaki kwangu.

Mwaka uliofuata nilitaka kuifuta ile sentensi. Preben akakataa katakata. Alisema watu wakishaizoea ahadi yako na wakaitegemea, huwezi kuitoa kwa kufuta tu. Hiyo ndiyo kanuni, na anaijua vizuri. Kwa hiyo namba thelathini na nne sasa inasema kwamba kampuni inawajibika kutoa kahawa na sahani ndogo, na kwamba keki, kwa desturi, huletwa na wasomaji. Torkild anasoma kila neno kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa mke wake amegoma kuoka.

Mtego mwingine niliutega, wapi ni siri yangu. Preben aliuona saa ile ile akapiga simu kuwika.

Na bodi iliniagiza jambo moja, kwamba mwandishi wa maelezo awekewe jina, kama Bi Botilla alivyosema. Wachapaji waliuliza liwekwe wapi, wakapendekeza ukurasa wa mbele, karibu na picha. Nikawaambia hapana. Liko nyuma kabisa, kwa herufi ndogo, chini ya maelezo ya mwisho, na jioni ile Bi Botilla alipolifikia alinipigia simu.